Hukumu ya kifo ya Kinshasa inamlenga nani?

Tarehe 30 Septemba 2025 Mahakama Kuu ya Kijeshi mjini Kinshasa ilimhukumu Joseph Kabila, rais wa zamani wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, adhabu ya kifo. Orodha ya makosa ilikuwa ndefu: uhaini, uhalifu wa kivita, njama, kuandaa uasi. Juu yake akabebeshwa fidia ya takriban dola bilioni 33 za Marekani. Kizimbani hapakuwa na mtu. Mshtakiwa hakuwepo, wakili wa kumtetea hakuwepo, na miezi michache kabla ya hapo alikuwa ameonekana Goma, mji ambao serikali inayomshtaki haiutawali tena. Hapa Dar es Salaam habari ile ilizungumzwa kama habari ya jirani wa mtaani, kwa sababu wapo watu wazima wanaomkumbuka Kabila kijana aliyekulia na kusomea Tanzania, ambaye Kiswahili kilimkaa mdomoni kabla ya Kilingala. Siku mbili baadaye nilikuwa kwenye duka la vitenge Kariakoo, na mama mmoja wa Lubumbashi aliyekuja kufunga mzigo alikuwa akihesabu majora yake. Nikamuuliza anaionaje hukumu. Hakuinua macho kwenye daftari. "Bamukamate kwanza, papa," akasema, akaendelea kuhesabu.

Mama yule alikuwa ameshaliona jambo ambalo uchambuzi mwingi niliousoma umelipita. Kuna wanaosema hukumu hii inaonyesha Congo imeamua kuwa na mkono wa chuma, na wahaini sasa watakiona. Wengine wanasema ni kisasi tu cha Rais Félix Tshisekedi kwa mtangulizi wake. Pande zote mbili zinamtazama mtu mmoja, Kabila, ndiyo maana zinakosea. Hoja yangu ni kwamba adhabu ya kifo nchini Congo leo ni lugha ya serikali iliyoshindwa vitani: hutamkwa kwa sauti ya juu dhidi ya wasiofikika, lakini hatari yake halisi inawaangukia walio karibu, wasio na jina, wasio na ubalozi wala jeshi nyuma yao. Anayetaka kujua inamlenga nani aachane na Kabila kwa muda, atazame mahakama ya Lubero na gereza la Angenga.

Tuanze na dhana kwamba Congo "imerudisha" adhabu ya kifo. Haikuwahi kuiondoa. Kwa miaka 21, kuanzia 2003 hadi 2024, mahakama ziliendelea kuitoa na magereza yakaendelea kupokea waliohukumiwa, ila hakuna aliyetolewa selo kupelekwa kuuawa. Ulikuwa ni utaratibu wa kimyakimya uliosimama juu ya mazoea. Watu wa mwisho kuuawa kwa hukumu ya mahakama, Januari 2003, waliuawa wakati rais ni Joseph Kabila huyuhuyu. Kisha tarehe 13 Machi 2024 Waziri wa Sheria wa wakati huo, Rose Mutombo, akatoa waraka unaorudisha utekelezaji. Sababu zilizotajwa ni usaliti ndani ya jeshi na ujambazi wa mijini unaoua raia. Katiba ya 2006, ambayo ibara yake ya 16 inasema binadamu ni mtakatifu, na ibara ya 61 inakataza haki ya kuishi kusitishwa hata katika hali ya dharura, haikuguswa. Bunge halikupiga kura. Ulitosha waraka wa wizara.

Matokeo hayakuchelewa. Mwanzoni mwa Mei 2024 mahakama ya kijeshi Goma iliwahukumu kifo askari 8, watano wao maofisa, kwa kumkimbia adui. Julai mwaka huohuo, katika eneo la Lubero, Kivu Kaskazini, askari 25 walihukumiwa kifo kwa siku moja. Siku moja! Watu 25, mashtaka, ushahidi, utetezi na hukumu, vyote kati ya jua kuchomoza na kuzama. Wake wanne wa askari wale nao walipandishwa kizimbani, kisha wakaachiwa kwa kukosekana ushahidi. Hao wanawake wanne nawafikiria mara nyingi kuliko majenerali wote wa kesi ya Kabila. Jeshi linapokimbia, mke wa askari hubeba godoro na watoto na kukimbia pia, kwa sababu kambi ndiyo nyumba yake. Kumshtaki mtu wa namna hiyo ni dalili kwamba mahakama ilitumwa kutafuta wa kubebeshwa kushindwa kwa vita.

Agosti 2024 ikaja zamu ya wakubwa. Corneille Nangaa, kiongozi wa muungano unaobeba kundi la waasi la M23, alihukumiwa kifo pamoja na wenzake wengi, naye kama Kabila akiwa hayupo. Wasomaji watamkumbuka Nangaa: ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa tume ya uchaguzi mwaka 2018 na kumtangaza Tshisekedi mshindi. Hukumu haikumpunguzia hata kilomita moja. Mwisho wa Januari 2025 watu wake waliingia Goma, na katikati ya Februari wakaingia Bukavu. Na Julai 19, serikali iliyomhukumu kifo ilitia saini azimio la kanuni za mazungumzo na kundi lake huko Doha, na suala la kuachia wafungwa likawa moja ya mambo makuu mezani. Sisemi ni vibaya kuzungumza. Amani ya Kivu ina thamani kuliko hukumu yoyote. Nasema tu kwamba hukumu ya kifo ambayo unaweza kukaa nayo meza moja Qatar miezi 11 baadaye ni kitu cha kubadilishana, kama vile mtu anavyotaja bei ya juu sokoni akijua atashushwa.

Tabia hii haikuanza na Tshisekedi. Juni 2, 1966, Mobutu akiwa na miezi michache tu madarakani, aliwanyonga hadharani Kinshasa wanasiasa wanne: Évariste Kimba aliyekuwa waziri mkuu, Jérôme Anany, Emmanuel Bamba na Alexandre Mahamba. Ilikuwa msimu wa Pentekoste. Maelfu kwa maelfu walikusanyika kutazama, baada ya kesi ya kijeshi ambayo mtu angeisikiliza yote kabla chai yake haijapoa. Mobutu hakuhitaji kuthibitisha kwamba wanne wale walipanga mapinduzi. Alihitaji umati ule uone mtu aliyekuwa waziri mkuu akining'inia, na urudi nyumbani na picha hiyo. Leo uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa unaitwa Uwanja wa Mashahidi wa Pentekoste. Wahaini wa 1966 ni mashahidi wenye uwanja, na aliyewanyonga alifia uhamishoni Morocco.

Laurent-Désiré Kabila, baba yake Joseph, alipomng'oa Mobutu akaunda mahakama maalumu ya kijeshi, ambayo mwaka 2000 ilisababisha kuuawa kwa mtoto askari wa miaka 14, nusu saa tu baada ya kesi yake. Yeye mwenyewe alipouawa Januari 2001, watu takriban 30 walihukumiwa kifo miaka miwili baadaye, akiwemo msaidizi wake wa kijeshi Eddy Kapend. Hawakuuawa. Walikaa tu gerezani Makala, mwaka baada ya mwaka, huku watu wengi wakiwemo watetezi wa haki wakisema kesi ile ilikuwa na matobo. Januari 2021, Tshisekedi alipokuwa akivunja ushirika wake na Joseph Kabila, Kapend akatoka kwa msamaha wa rais. Ukiweka tarehe hizo kando kwa kando utaona: mtu alihukumiwa kifo wakati Kabila yuko juu, akaachiwa wakati Kabila anashuka, na Kabila mwenyewe akahukumiwa kifo alipokuwa amekwisha kushuka. Katika miaka hiyo yote ushahidi haukubadilika. Kilichobadilika ni nani yuko ikulu.

Nisiwe mtu wa upande mmoja. Wanaotetea adhabu hii wana hoja, na moja kati yake ni nzito. Wanasema utaratibu wa kuhukumu bila kutekeleza ulikuwa unafiki: jaji anatamka kifo, kila mtu ukumbini anajua si kweli, na sheria inakuwa mchezo wa kuigiza. Hapo nakubaliana nao. Tofauti ni kwamba unafiki una tiba mbili, kutekeleza au kufuta, nao wanazungumza kana kwamba ipo moja. Wana pia hoja ya wakazi wa Kinshasa, na hii siidharau. Anayeishi Masina au Ngaba na kusikia usiku vijana wa kuluna, yale magenge ya mitaani, wakipita na mapanga hana muda wa kusikiliza mihadhara ya haki za binadamu kutoka kwa mtu anayelala nyuma ya ukuta na mlinzi. Hasira ile ni ya kweli. Lakini hasira hiyohiyo ilishawahi kujibiwa. Mwaka 2013, chini ya Kabila, polisi waliendesha Operesheni Likofi dhidi ya kuluna, vijana wakatolewa majumbani na kuuawa bila mahakama yoyote. Umoja wa Mataifa ulipotoa ripoti, mkuu wa ofisi yake ya haki za binadamu nchini humo akafukuzwa. Kuluna hawakuisha, na miaka 11 baadaye ndio hao waliotajwa kuwa sababu ya waraka wa Rose Mutombo.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayorudiwa zaidi, kwamba kifo kitawatia askari adabu ili wasikimbie. Hii tunaweza kuipima, kwa sababu waraka ulitoka Machi 2024 na hukumu za Goma na Lubero zikafuata. Kama hofu ya kupigwa risasi na serikali yako ingekuwa dawa, Goma isingeanguka miezi 10 baadaye, na Bukavu baada yake karibu bila kupigania. Askari anayelala njaa, ambaye mshahara wake unaliwa njiani, ambaye anajua orodha ya kikosi imejaa majina ya watu wasiokuwepo, tayari amezungukwa na kifo pande zote. Ukimwongezea kingine nyuma yake hapigani zaidi. Anavua sare mapema zaidi. Serikali yenyewe inalijua hilo, maana Machi 2025, baada ya miji ile miwili kwenda, Tshisekedi aliagiza mishahara ya wanajeshi iongezwe mara mbili. Hiyo ndiyo hatua ya mtu aliyetambua ugonjwa. Ila haikupata vichwa vya habari kama hukumu.

Ipo pia hoja ya kitamaduni, ambayo hata kwetu Tanzania haikosekani kwenye vijiwe: kwamba kupinga adhabu ya kifo ni mambo ya wazungu. Tuseme ukweli. Kitanzi cha Congo kimo katika kanuni ya adhabu ya 1940, iliyoandikwa na Wabelgiji, na chetu kimetokana na kanuni ya Waingereza. Kama tunasaka kilichotoka Ulaya, tukianze hapo. Na waliosimama kumpinga waziri mwaka 2024 hawakuwa wageni. Walikuwa Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa na vijana wa LUCHA, vuguvugu la kiraia lililozaliwa Goma.

Lakini hata upande unaopinga una hoja ninayoiona ya hatari, ya kusema kwamba yote haya ni maneno matupu, hakuna atakayeuawa. Ni kweli kwamba kati ya waraka wa Machi 2024 na hukumu ya Kabila serikali haikutangaza hata utekelezaji mmoja. Ni kweli pia kwamba mwanzoni mwa Januari 2025 Waziri wa Sheria aliyemfuata Mutombo, Constant Mutamba, alitangaza kwamba wanaume 102, wengi wao vijana walioitwa kuluna, wamesafirishwa hadi gereza la Angenga, mkoani Mongala, mamia ya kilomita kutoka kwa ndugu zao, wakauawe. Mtu akishatolewa Kinshasa kwa ndege na kushushwa katika gereza la msituni akiambiwa kwamba hapa ndipo mwisho, kwake hayo si maneno. (Mutamba mwenyewe alihukumiwa Septemba 2025 miaka mitatu ya kazi ngumu kwa ubadhirifu wa dola zipatazo milioni 19. Fedha zile zilikuwa za kujenga gereza Kisangani.)

Sasa linganisha wale 102 na kesi nyingine. Mei 2024 kulitokea jaribio la mapinduzi Kinshasa lililoongozwa na Christian Malanga, aliyeuawa siku hiyohiyo. Septemba watu 37 wakahukumiwa kifo, wakiwemo raia watatu wa Marekani na Mbelgiji mmoja mwenye asili ya Congo. Mbelgiji akaachiwa Februari 2025 kwa sababu za kiafya, akarudi kwao. Mwanzoni mwa Aprili rais akawapunguzia Wamarekani adhabu kuwa kifungo cha maisha, na siku chache baadaye wakakabidhiwa kwa nchi yao. Ni siku zilezile ambazo mjumbe wa Trump, Massad Boulos, alikuwa Kinshasa na mazungumzo ya madini yalikuwa yamepamba moto. Wakongomani waliohukumiwa katika faili hilohilo, kwa ushahidi huohuo, wakabaki gerezani. Siwaonei wivu waliotoka, mtu akiponea kitanzini nafurahi. Ila sheria iliyopima tendo moja kwa mizani mbili imetuambia yenyewe inapima nini.

Kuna ushahidi mwingine, na huu ndio unaonishawishi kuliko wote kwamba hukumu ya Kabila haikutolewa ili itekelezwe. Congo imepakana na nchi 9. Sita kati yake, yaani Angola, Zambia, Burundi, Rwanda, Congo-Brazzaville na Jamhuri ya Afrika ya Kati, zimeshafuta adhabu ya kifo. Afrika Kusini iliifuta 1995, na mwaka 2001 Mahakama yake ya Katiba iliamua kwamba serikali ilivunja sheria ilipomkabidhi Mtanzania Khalfan Khamis Mohamed kwa Marekani, katika kesi ya bomu la ubalozi wa Dar es Salaam la 1998, bila kwanza kupata ahadi kwamba hatauawa. Kwa hiyo kila anayehukumiwa kifo Kinshasa anapewa, pamoja na hukumu, hoja nzuri ya kisheria ya kutorudishwa kutoka sehemu kubwa ya bara hili na karibu Ulaya nzima. Rwanda ililielewa hilo. Aprili 24, 1998 iliwapiga risasi hadharani watu 22 waliohukumiwa kwa mauaji ya kimbari, baadhi katika uwanja wa Nyamirambo, na hasira ya walionusurika ilikuwa na haki yote. Kisha ikagundua kwamba mahakama ya kimataifa ya Arusha, ambayo adhabu yake ya juu ilikuwa kifungo cha maisha, isingehamishia kesi nchini ambako kuna kitanzi, na kwamba nchi za Ulaya zisingewarudisha watuhumiwa. Mwaka 2007 Kigali ikafuta adhabu ya kifo. Haikuwa huruma. Ilitaka watu wake. Kama Kinshasa ingemtaka kweli Kabila asimame mbele ya jaji, na kuna maswali mazito ya miaka 18 ya utawala wake ambayo angepaswa kuyajibu akiwa hai, ingefanya kama Rwanda. Imefanya kinyume chake.

Matokeo ya mwenendo huu hayatamfika Kabila. Atazunguka, atafanya mikutano na wanasiasa wenzake, huenda siku moja atasamehewa kwa mkataba kama wengine walivyosamehewa. Kinachobaki ni mlango uliofunguliwa kwa waraka, na milango ya aina hii hutumiwa na kila anayekuja baadaye. Tshisekedi ametengeneza kifaa ambacho mrithi wake atakikuta mezani, na katika Congo mrithi hana desturi ya kumpenda mtangulizi.

Na hili linatuhusu sisi upande huu wa Ziwa Tanganyika, maana kati ya majirani watatu wa Congo ambao hawajafuta adhabu hii, Tanzania ni mmojawapo. Hatujanyonga mtu tangu katikati ya miaka ya 1990, na tunajisifu kimoyomoyo kwa hilo. Lakini kinga yetu ni ya aina ileile iliyovunjika Kinshasa: mazoea. Mwaka 2017, akimwapisha Jaji Mkuu Ibrahim Juma, Rais Magufuli alisema waziwazi kwamba asipelekewe orodha ya watu wa kunyongwa maana hatasaini. Watu walipiga makofi, na mimi nikiwemo. Baadaye nikajiuliza tulikuwa tunapigia makofi nini hasa, kama si kwamba uhai wa mamia ya wafungwa ulitegemea siku ile moyo wa mtu mmoja. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika, iliyopo hapahapa Arusha, iliamua katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake kwamba kumlazimisha jaji atoe kifo kwa kila kosa la mauaji, bila kupima mazingira, kunavunja haki ya kuishi, na ikaipa serikali mwaka mmoja kurekebisha sheria. Mwezi huohuo serikali ilikuwa imejiondoa katika tamko linaloruhusu wananchi kwenda moja kwa moja katika mahakama hiyo. Mwaka mmoja ukaisha Novemba 2020, sheria ikiwa haijaguswa.